Namna ya kuwakalisha kitako wenzio wa skuli na mabaharia wastaafu mpaka soga linoge

Assalamu alaykum. Hii naiandika kwa wazee wenzangu, na kwa nyie vijana mlio na baba au babu aliewahi kupanda meli na sasa anashinda kibarazani hana wa kusema nae. Kila siku naona watu wanafungua grupu la wasap la wenzao wa skuli, wiki ya mwanzo ni vicheko na majina ya utani mpaka usiku wa manane, haufiki mwezi grupu limebaki la kufowadi dua za Ijumaa na kutangaziana misiba. Na si kwamba watu hawana maneno, wanayo tele, hapana aliewauliza tu. Baharia alietembea bandari zote hizo ukimwambia "hebu tupe khabari za safari" atakujibu "ah yakhe, safari ni safari tu" kisha anarudi kwenye dhumna lake. Muulize zamu yake ilikuwa ya saa ngapi na nani alikuwa anakuja kumuamsha, hapo jiweke vizuri maana huondoki leo.

Basi kazi yote ni kuuliza kitu kidogo. Mengine haya ni matayarisho.

Kwanza kuwapata watu wenyewe. Usihangaike na majina ya rejista, kwetu Unguja huku mtu mzima mzima anaishi na kufa hakuna anaejua jina lake la rejista. Tafuta kwa mtaa na kwa jina la utani, "yule wa Malindi aliekuwa golikipa", "yule mtoto wa fundi cherehani pale Mkunazini", ukiuliza hivo kwenye gahawa pale Jaws Corner au msikitini baada ya laasiri unapata namba ya simu siku hiyo hiyo, ama unapata khabari kuwa mwenyewe keshatangulia, Mungu amrehemu. Kwa Pemba ndo rahisi zaidi, Wete na Mkoani watu wanajuana mpaka mababu. Jengine, msigawane kwa majina ya skuli. Kuna wazee wakisema skuli yao wanasema King George VI na wadogo zao wanasema Lumumba, wanabishana kama walisoma nchi mbili na skuli ni ile ile. Watie wote pamoja. Na waliokuwa hawakufika mbali skuli lakini mlikuwa nao chuo cha Kurani mnasoma juzuu pamoja, hao nao waite, tena mabaharia wengi ni katika hao, walitoka mapema wakaenda kutafuta.

Mahali pa kukaa. Baraza yoyote inafaa ila isiwe karibu na televisheni ya mpira, maana likiingia goli moja tu hadithi imekatika na hairudi. Waliofanya kazi chini kwenye mashine wengi masikio yamekwenda, kelele za ile injini miaka na miaka si mchezo, na wao hawatakwambia kuwa hawasikii, watakaa wanatikisa kichwa na kucheka wenzao wakicheka. Mtu kama huyo mkalishe mgongo kwenye ukuta, mbali na vespa na bodaboda zinazopita, ukae wewe upande wa sikio zima. Ukiona anakuitikia "ehee" kwa kila kitu ujue umekaa upande mbovu. Gahawa iwepo, kashata iwepo, lakini na karanga au muhogo wa kuchoma uwepo kwa sababu nusu ya kikao chenu wana sukari na hawataki kusema mbele za watu.

Sasa maswali. Usiulize "ulijifunza nini baharini", hilo swali la redioni. Uliza vitu vyenye mkono na mguu. Ulipanda meli ya kwanza gati gani na mfukoni ulikuwa na kiasi gani? Serahangi wenu, yule msimamizi wa mabaharia wa deki, alikuwa mtu wa wapi, na akikasirika anatukana kwa lugha gani? Mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja? Chakula kilikuwa cha nani, maana kuna waliopanda meli za Wagiriki wakala zeituni mpaka wakazichukia. Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Na zamu, hii usiisahau, kwa sababu meli nyingi zilikwenda kwa zamu za saa nne kazi saa nane kupumzika, na mtu alieshika zamu ya saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri ana hadithi tofauti kabisa na wa saa mbili mpaka saa sita, huyu wa usiku wa manane kaona mambo, hata kama nusu yake ni usingizi.

Nikupe mfano mmoja wa swali dogo linavyozaa. Muulize alieshika ustewadi au upishi, "bahari ikichafuka mlikuwa mnakulaje?" Atakwambia kitambaa cha meza wanakirowesha maji kwanza, wanakikamua kidogo, wanakitandika kibichi vile vile, sahani ikiwekwa juu yake haitelezi. Halafu supu unatia nusu bakuli tu. Halafu mikono yake itaanza kuonyesha, ataegemea kushoto, atashika ukingo wa baraza, ataeleza sufuria zinavyofungwa jikoni juu ya jiko kwa vyuma vya pembeni zisiruke, kisha ndo atafika kwenye ile dhoruba yenyewe ambayo ungemuuliza moja kwa moja asingekwambia. Usimkate hapo. Hata kama hadithi umeshaisikia mara kumi. Hasa kama umeshaisikia mara kumi, maana mara ya kumi na moja anaongeza kitu.

Wa deki muulize habari ya kugonga kutu. Wote wamegonga kutu. Nyundo, burashi ya waya, rangi nyekundu ya chini, kisha rangi ya juu, ukimaliza omo mpaka tezi unaanza tena omo. Hapo hata walionuniana wanakubaliana.

Kwenye miaka ndo kwenye ugomvi. Mmoja atasema ilikuwa sabini na moja, mwengine sabini na sita, na wote wawili wanaapa. Usiwaulize mwaka kabisa, uliza kitu kilichokuwa kinatokea. Mzee Karume alikuwa hai au keshauliwa? Hiyo ni 7 Aprili 1972 na hakuna Mzanzibari wa umri ule asiekumbuka alikuwa wapi. Vita vya Kagera vilikuwa vinaendelea? Hiyo 1978 na 1979. Mzee Jumbe, rais wa Zanzibar aliemfuata Karume, alikuwa keshajiuzulu? Januari 1984. Na kwa mabaharia kuna kipimo chao kizuri mno, Mfereji wa Suez ulifungwa tokea 1967 mpaka 1975, kwahiyo kama meli yao ya mizigo ilitoka Ulaya kuja Bombay au Mombasa ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika basi kuna kila dalili ni ndani ya miaka hiyo, na kama alinunua viatu kwa wale wachuuzi wanaopanda melini pale Port Said basi ni kabla au baada. Tenka kubwa sana, zile meli za mafuta, usiziingize kwenye hesabu hii, zile zilikuwa zinazunguka Rasi hata mfereji ulipofunguliwa kwa ukubwa wao. Alieogopa kupita Ghuba ya Uajemi kwa sababu tenka zinapigwa, huyo anazungumzia vita vya Iran na Iraq, miaka ya themanini. Mwezi nao unaupata kwa upepo, aliondoka kwenye kaskazi au kwenye kusi? Mzee wa pwani anaweza kusahau jina la mkwewe asisahau upepo.

Kisha karatasi. Kila baharia ana kitabu chake cha ubaharia kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kasha au chini ya godoro, muombe kwa adabu akuletee, usimpekulie. Humo mna jina la meli, tarehe na bandari aliyosainia na aliyoshukia, na cheo chake. Ndo dawa ya ubishi, ila pia inaweza kumuumbua mtu aliekuwa akijiita "chifu", mkubwa wa mashine, kumbe alikuwa mtu wa kupaka mashine mafuta, kwahiyo kisome wewe na yeye kwanza nyumbani, barazani kipelekwe akiridhia mwenyewe. Ukishapata jina la meli mtafutie picha yake kwenye intaneti. Andika jina, aina ya meli na mwaka kama unaujua, na usishangae ukikosa, meli zinauzwa na kubadilishwa jina na bendera kila baada ya miaka michache. Ukiipata mara moja tu chukua namba yake ya IMO, namba ya kimataifa ya kuitambulisha meli, zile tarakimu saba, hiyo haibadiliki ata meli iitweje, ukiiandika utaona majina yake yote mpaka ilikoishia. Nyingi zimeishia kukatwa vipande kule Alang India au Gadani Pakistani. Mwambie mzee taratibu kuhusu hilo. Wapo wanaocheka, na wapo wanaonyamaza siku nzima kama wamefiwa.

Picha za skuli zipige kwa simu asubuhi kwenye kivuli cha mlango, bila flashi, itoe kwenye kioo kama inatoka bila kuchanika, ikiwa imeganda na kioo iache usilazimishe. Itume kwenye grupu na uliza safu moja moja, "waliokaa chini kutoka kushoto ni nani", ukiuliza picha nzima kwa mpigo watakujibu watu thalathini kwa pamoja na hutoki na kitu. Majina yaandike nyuma kwa penseli, si kwa biki, wino unapenya mbele. Na andika la utani na la rejista yote mawili, wajukuu watahitaji.

Grupu lenyewe liwe la sauti zaidi kuliko maandishi. Wazee macho hayaoni vidole vinatetemeka, lakini mpe abonyeze arikodi sauti utapata dakika saba bila pumzi. Maandishi kwenye simu yake yakuzwe, mjukuu anajua pa kubonyeza. Fowadi piga marufuku kabisa, admini awe mtu asiemuonea haya mtu, mie ningemchagua alieshika umonita zamani, kazi anaijua. Siasa nayo, mh. Ukiifungia moja kwa moja watasema unawabana, ukiiacha grupu linavunjika kabla ya uchaguzi. Waache waiseme barazani ana kwa ana ambako mtu anamuona mwenzake usoni, kwenye simu isiingie. Na habari za mapinduzi ya 1964 usimchokonoe mtu. Kuna nyumba zimefurahi na kuna nyumba zimelia, na madarasa yale yale yalikuwa na watoto wa nyumba zote mbili. Akianza mwenyewe msikilize, akinyamaza badilisha mazungumzo, uliza habari za kambi za karafuu Pemba mlivyong'atwa na wale chungu majimoto, wote watachangia.

Walio nje wanataka kusikia na wao. Mkipiga simu ya pamoja saa mbili usiku ya huku, baada ya isha, Muscat na Dubai ni saa tatu, London wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni na Toronto ni saa sita mchana, wakati wa joto hawa wawili wa mwisho waongezee saa moja. Muda huo unawafaa wote, hakuna wa kuamshwa. Simu iwekwe katikati juu ya kitu, si mkononi mwa mtu, na azungumze mmoja mmoja, jambo ambalo kwa watu wetu lina kazi yake.

Kina bibi msiwasahau. Wanafunzi wenzenu wa kike hawaji kukaa barazani na hamna haja ya kuwalazimisha, fanyeni jioni moja nyumbani kwa mmoja wenu, laasiri mpaka kabla ya magharibi, chai na maandazi na mkate wa ufuta. Na wake za mabaharia nao waulizwe, tena wakae mbali na waume zao kidogo. Kwa Bi mkubwa utasikia hadithi ile ile upande wa pili, barua iliyochukua miezi kufika, pesa zilizopitia kwa shemeji zikafika nusu, mtoto aliemkimbia baba yake mlangoni kwa kuwa hamjui. Mzee anasema aliitumia familia kila mwezi. Bibi anacheka tu. Wee andika yote mawili.

Mchango wa gahawa, wa mgonjwa na wa khitma ushikwe na watu wawili, na kila kilichoingia na kutoka kiandikwe kwenye grupu siku hiyo hiyo, kwa sababu urafiki wa miaka hamsini nimeuona ukifa kwa elfu ishirini. Akifariki mmoja wenu, msimuondoe kwenye grupu haraka, waulizeni wanawe kwanza, wengine wanapenda kuendelea kusikia baba yao anavyotajwa. Siku hiyo hadithi zake nzuri zisemwe, ile ya kumdhalilisha ifukiwe nae.

Ramadhani kikao kihamie baada ya tarawehe na kiwe kifupi, masika hamieni ndani. Na anaekuja likizo kutoka Ulaya mwambieni mapema asihangaike na kubeba perfyum na chokoleti, aje na albamu yake ya zamani na miwani ya kusomea ya ziada, maana kila kikao kuna mmoja kasahau yake nyumbani.