Somo: Kugeuza stringi kinyumenyume kwa Java

Klasi ya String katika Java haina methodi ya kugeuza. Tena stringi (mfuatano wa herufi) ikishaundwa haibadiliki: ukidhani umeibadilisha, kumbe umeunda nyingine. Kazi hii tunampa StringBuilder, klasi ya kushika herufi zinazoweza kubadilishwa, aliyekuwepo tangu Java 5.

Hatua ya 1, weka neno:

String neno = "Mombasa";

Hatua ya 2, geuza:

String kinyume = new StringBuilder(neno).reverse().toString();

Hatua ya 3, chapisha:

System.out.println(kinyume);

Utapata asabmoM. Usiiache toString(), bila hiyo unabaki na StringBuilder na kompaila inakataa.

Ukitakiwa kugeuza kwa lupu (kurudia hatua herufi moja moja), anzia mwisho:

StringBuilder sb = new StringBuilder();
for (int i = neno.length() - 1; i >= 0; i--) {
    sb.append(neno.charAt(i));
}

Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, hivyo Mombasa yenye herufi 7 inaishia nafasi ya 6. Ukisahau - 1, programu inakatika kwa StringIndexOutOfBoundsException, yaani umeomba nafasi isiyokuwepo. Ukiandika i > 0 ndiyo hatari zaidi: hakuna kosa linaloonekana, ila ile M imepotea.

Wengi huandika kinyume = kinyume + neno.charAt(i). Jibu ni sahihi, lakini kila mzunguko unanakili upya yote yaliyotangulia. Kwa herufi 10,000 hizo ni nakala kama milioni 50 za herufi.

MASWALI

Swali: Mwalimu, "atakata" husomeka sawa kutoka pande zote, mbona neno.equals(new StringBuilder(neno).reverse()) inanipa false?

Jibu: Unalinganisha String na StringBuilder, na equals haitakubali hata herufi zikifanana zote. Malizia na toString(). Kama neno linaanza na herufi kubwa, tumia equalsIgnoreCase, isiyojali herufi kubwa na ndogo.

Swali: Nikitumia lupu, emoji zinaharibika.

Jibu: Emoji nyingi zinachukua char mbili (char ni nafasi moja ya herufi katika stringi), na lupu inazipindua. reverse() inaitambua jozi hiyo na kuiacha ilivyo. Ila é iliyoandikwa kama e na alama yake kando, hata reverse() haiiokoi. Alama itaangukia herufi jirani.

Swali: Nataka kugeuza mpangilio wa maneno, herufi zibaki.

Jibu:

String[] maneno = sentensi.trim().split("\\s+");
Collections.reverse(Arrays.asList(maneno));
String jibu = String.join(" ", maneno);

Leta java.util kwa import, na uwe na Java 8 au zaidi kwa ajili ya join. Ukiruka trim(), nafasi iliyo mwanzoni mwa sentensi inazaa neno tupu.