Ukiona umeanza kumchoka mtoto uliyempokea kutoka ustawi, fanya hivi mapema

Jamani hii ni kwa wazazi wenzangu hapa Tanzania mliopokea watoto kupitia ustawi wa jamii, iwe malezi ya kambo (unamlea nyumbani kwako mtoto uliyekabidhiwa na ustawi) au familia ya kuaminika (inayompokea mtoto kwa muda mfupi kwa dharura). Watoto wanarudishwa, na mara nyingi ukifuatilia unakuta mlezi aliishiwa nguvu kitambo akanyamaza, akavumilia weee mpaka siku moja anapiga simu anasema njooni mumchukue. Hapo hata afisa awe mzuri vipi hana tena cha kuokoa.

Kwanza jua kwamba wiki za mwanzo zinadanganya. Mtoto anakuwa mpole, anaosha vyombo bila kutumwa, unajisemea mbona kazi nyepesi. Akishazoea ndo yanaanza, kukojoa kitandani, uongo, kununa, na hili la kuficha chakula ambalo linawaumiza walezi wengi kwasababu unajiona kama unamnyima. Unabadilisha shuka unakuta tonge la ugali limekauka ndani ya foronya, na sisimizi juu. Usimchape na usimtangaze mbele ya wenzie, huyo alishawahi kulala njaa na bado haamini kwamba kesho kuna kula. Toa kimya kimya, fua foronya, alafu weka ndizi au viazi kwenye hotpoti mahali anapofikia na umwambie hiki ni chako hata saa nane usiku. Atajaza mto tena, wewe endelea kuweka tu.

Kuna sentensi moja naomba uifute kabisa mdomoni, "ntakurudisha ustawi". Najua inatoka ukiwa umechoka. Ila mtoto aliyeshahama nyumba mbili tatu akiisikia anaacha kujaribu, anaona bora afanye vituko aondoke mapema kuliko kukaa anasubiri kufukuzwa, kwaiyo unakuta vurugu ulizokuwa unaziogopa umeziita mwenyewe. Ukijiona mkono unataka kunyanyuka, toka nje, mwachie mtu mzima mwingine, rudi ukishapoa.

Watoto wako wa kuzaa nao wanaumia na hakuna anayewauliza. Amegawana kitanda, daftari lake limechanwa, ukimuuliza anasema sawa tu mama huku kanuna. Mpe kabati au sanduku lake lenye kufuli na kila wiki toka nae peke yake hata kama ni kwenda gengeni.

Hela usizichukulie poa, usimpokee mtoto kwa kutegemea posho. Shule ya serikali msingi na sekondari ya kawaida ada zilishafutwa lakini sare, madaftari na michango ni mfuko wako. Siku ileile anapoletwa omba barua ya kumkabidhi, kadi ya kliniki, na uliza cheti cha kuzaliwa kama hakipo nani anafuatilia RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa), maana kukimbizana na makaratasi wakati mtoto ana homa kunamaliza mtu kuliko vituko vyake vyote. Na wale wa mtaani watakaosema umeokota mtoto ili ulipwe, jibu "ni mtoto wangu, anakaa hapa", basi, historia yake usimpe mtu hata kama ni wifi yako.

Akitoka kuonana na mama yake mzazi atarudi kavurugika, anakojoa tena, anakutukana. Usikimbilie kuomba wasionane. Jioni hiyo pika anachokipenda, usimsimamie mambo ya shule, na mama yake usimseme vibaya.

Sasa wewe mwenyewe. Dalili ni hizi, unafoka kwa vitu ambavyo zamani ungevipita, muda wake wa kutoka shule ukikaribia kifua kinabana, umeacha kumuita jina unasema "huyu mtoto wenu". Ukifika hapo mpigie afisa ustawi wiki hiyohiyo na usiseme "kuna changamoto kidogo", sema wazi: nimechoka, nahitaji mtu wa kukaa nae jumamosi na jumapili, na nahitaji mtu wa kuongea na huyu mtoto. Huyo atakayekaa na mtoto siku hizo awe mtu ambaye afisa anamjua, usimpeleke tu mtoto kwa shangazi yako. Afisa asipopatikana kuna 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure na mlezi pia anapiga.

Na kama imeshindikana kweli, omba muda, asiondolewe ghafla. Mwambie wewe mwenyewe akiwa amekaa, anaenda wapi, kwa nani, lini, na kwamba kosa si lake. Mpeleke apaone kabla ya kuhamia. Nguo zake zifue, zipange kwenye begi na sio salfeti, weka na picha zake za hapo kwako, na mwandikie mlezi anayempokea anapenda kula nini, anaogopa nini usiku, na kwamba chakula akificha asimpige.