Kaladiumu kwa kivuli na ndani ya vaze: namna ya kuipanda hapa Lubumbashi (L'shi)

Jambo kwa wote, mlioomba somo ya kaladiumu leo naiandika yote. Ni ile mti ya majani makubwa, umbo ya moyo, rose, nyekundu, ao nyeupe na mishipa ya kijani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, misitu ya Brazil, inaota chini ya miti mikubwa, joto na unyevu. Sisi huku tuko karibu metre 1.200 juu, mvula inatuacha mwezi wa 4, na Juni na Julai usiku baridi inauma kweli, kwa hiyo hapa kwetu kaladiumu haiwezi kukaa na majani mwaka muzima, lazima ilale. Batu wengi wanaona majani inaanguka mwezi wa 5, wanafikiri ni kiu, wanazidisha mayi, na ile mayi njo inaiuwa.

Ya kwanza, wakati. Kiazi inataka bulongo ya joto, digri 21 kwenda juu, ikiwa chini ya hapo inakaa tu mpaka inaoza. Mie naangalia jacaranda za mjini: zikitoa maua, naweka viazi ndani ya vaze, ndani ya nyumba karibu na dirisha, bulongo na unyevu kidogo tu. Mvula ikishika kabisa, mwezi wa 11, nahamisha inje.

Ya pili, kiazi yenyewe. Ibonyeze na kidole, nzuri ni ngumu, ile inabonyea na kunuka tupa. Upande ya juu iko na vinundu na macho (pale inapochipukia), upande ya chini iko laini, ukiigeuza vibaya itatoka tu ila itachelewa. Sasa sikilizeni hii: katikati kuko jicho moja kubwa kushinda ingine. Chukua ncha ya kisu, litoe hilo peke yake, bila kuchimba ndani, na macho ya pembeni yote itaamka pamoja. Majani itakuwa ndogo kidogo lakini mingi, mti inajaa vaze yote. Ukiliacha unapata majani makubwa machache, na mie kwa vaze napenda ile ya kujaa.

Ya tatu, bulongo. Ile yetu nyekundu peke yake inashikamana, changanya na komposti iliyoiva na mchanga ya mto. Wengine wanatumia bulongo ya kichuguu kwa sababu inaotesha mboga vizuri, lakini kwa kaladiumu hapana, ni udongo mzito, tena vichuguu vikubwa vya huku mara nyingi viko na chokaa, na hii mti inapenda bulongo yenye asidi kidogo. Panda sm 5 ndani, acha sm 25 ao 30 katikati ya mti na mti. Kwa vaze, bido ya litre 20 iliyokatwa inatosha kabisa, ila toboa matundu chini na musumari ya moto, mingi, bila matundu usijisumbue.

Ya ine, mahali. Chini ya mwembe kivuli iko nzuri lakini mizizi ya mwembe inakunywa mayi yote ya juu, ni heri uweke vaze pale kuliko kupanda chini. Jua ya asubuhi mpaka saa tatu haina neno, ya saa sita inachoma majani, na zile nyeupe kama Candidum zinaungua mbele ya zote. Ziko za majani membamba, fupi, kama Florida Sweetheart, hizo zinavumilia jua zaidi. Nyesha asubuhi, kwa bulongo, si juu ya majani.

Na tafadhali wenye watoto na mbuzi, hii mti haikuliwi, jani wala kiazi. Iko jamaa moja na magimbi, ndani mna vijiwe vidogo sana vyenye ncha vinachoma mdomo na koo, vinavimbisha. Mtoto akitafuna mupanguse mdomo, umpe mayi ya baridi, umpeleke kwa daktari. Ukikata viazi vaa gants.

Mwezi wa 4 punguza mayi, majani ikilala yote acha kabisa. Vaze ya plastiki iingize ndani vile vile ilivyo, kavu, mbali na ukuta ya baridi. Ya chini chimbua, kausha kwa kivuli wiki moja, weka ndani ya karto na maranda makavu mahali haishuki chini ya digri 15. Usiweke ndani ya sashe iliyofungwa.

MASWALI

Mama mumoja wa Katuba: Yangu ilikuwa nyekundu sana, sasa inageuka kijani, na nimeweka mavi ya kuku.

Mama, ni hiyo mavi ya kuku. Azoti (chakula ya mti iliyo ndani ya mbolea) ikiwa nyingi inaleta kijani. Acha mbolea mwezi muzima, nyesha mayi tupu, majani mapya itarudisha rangi polepole. Kama vishina virefu vinalala pia, kivuli imezidi, sogeza vaze kidogo kwenye mwanga.

Inatoa ua kama mkono ya kanzu nyeupe, niiache?

Kata chini kabisa yaya. Inakula nguvu ya majani na kiazi.

Niko Goma, itawezekana?

Ndiyo ndugu. Bulongo yenu ya volkeno inapitisha mayi vizuri, shida ni ubaridi. Panda kwa vaze tu, iweke kwenye barza karibu na ukuta inayopata joto mchana, na usiku ya mvula iingize ndani.

Kiazi moja naweza kuigawa?

Unaweza, kila kipande ibaki na jicho hata moja. Pakaa unga ya makala kwenye kidonda, acha ikauke siku mbili mbele ya kupanda. Kipande kidogo sana mwaka ya kwanza kitatoa jani moja ao mawili tu, usikitupe.