Mzee ana Parkinson: tuanze na nani? (Somo na maswali)

Wapendwa wanachama, Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaotokana na kufa kidogo kidogo kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Hakuna dawa ya kuuponya, ila mtu huishi nao miaka mingi akizungukwa na watu wanaojua wanachofanya. Watu hao mnawatafuta hivi.

Hatua ya 1: Bingwa wa mishipa ya fahamu. Ni wachache, Tanzania jaribuni hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC Moshi. Ugonjwa hutambuliwa hasa kwa kumsikiliza mgonjwa na kumtazama anavyotembea na kusogeza mikono, kwa hiyo aende na mtu anayeishi naye. Mkiwa mbali, mwombeni bingwa aandike barua ili daktari wa wilaya aendelee naye.

Hatua ya 2: Mshika saa. Nyumbani awepo mmoja wa kusimamia dawa. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ikichelewa, mwili unakaza, mzee anashindwa hata kuinuka kitini. Kwa kawaida humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, maana nyama, maharage na maziwa huweza kupunguza nguvu yake. Mshika saa aandike kwenye daftari: kameza saa ngapi, kalegea saa ngapi, kakaza tena saa ngapi. Bingwa atapanga dozi kwa daftari hilo kuliko kwa maneno ya "anaendelea vizuri".

Hatua ya 3: Mfamasia. Huyu familia nyingi humsahau, na mimi namweka juu sana. Nunueni duka moja, awajue, awaambie mapema dawa ikianza kuadimika, kwa sababu kuikatisha ghafla ni hatari. Tena atawazuia kupewa metoklopramaidi (Plasil) ya kichefuchefu, au haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili: zote huzuia dopamini na kuzidisha ugonjwa.

Hatua ya 4: Fiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Muanze mapema, kabla hajaanza kuanguka. Akipaliwa kila anywapo chai, mwambieni daktari haraka. Kumeza nako huathirika. Huzuni pia ni sehemu ya ugonjwa, itajeni kwa daktari.

MASWALI

*Mama mmoja, Tanga:* Shemeji kaleta unga wa mbegu za upupu, anasema unatibu. Tumpe baba?

Shikamoo mama. Shemeji hajakosea kabisa: mbegu hizo zina levodopa yenyewe. Lakini kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na baba tayari anameza levodopa ya vidonge. Akichanganya anaweza kuzidisha dozi: kutapika, kizunguzungu, mwili kujinyonganyonga. Msimpe kabla ya kuongea na daktari wake.

*Kaka, Mombasa:* Babu usiku anaona watoto chumbani, na hawapo.

Pole sana, kaka. Mpelekeni hospitali. Huenda ni dawa, huenda ni ugonjwa wenyewe, au maambukizi, mara nyingi ya mkojo. Msipunguze vidonge wenyewe. Akiandikiwa dawa ya kumtuliza, ulizeni kwanza kama inafaa kwa mwenye Parkinson.

*Dada, Dodoma:* Mama akilazwa, wodini dawa hutolewa kwa ratiba yao. Tufanyeje?

Nendeni na vidonge vyake na daftari. Siku ileile ya kulazwa mwonyesheni muuguzi wa zamu saa zake, mkaombe ziandikwe kwenye faili. Zamu ikibadilika, rudieni tena.