Jinsi ya kujua kisiwa cha Ufaransa kina hadhi gani (Mayotte na wenzake)

Watu wakisikia Mayotte, kile kisiwa cha pembeni ya Komoro, ni Ufaransa wanadhani ukiwa na viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) unatua tu Mamoudzou, mji wake mkuu. Hamna kitu kama hicho. Ufaransa ina maeneo kibao ng'ambo, kila moja lina masharti yake na Paris, na yanabadilika kila baada ya muda, so kabla hujakata tiketi au hujaanza kubishana na Mngazija, fanya hivi.

Kwanza tafuta eneo liko ibara gani ya katiba yao. Tangu 2003 kuna mbili za kushika. Ya 73 ni departimenti, yaani mkoa kamili, sheria za Paris zinashuka moja kwa moja: Martinique, Guadeloupe, Guyane na Reunion (hao wanne tangu 1946) pamoja na Mayotte. Ya 74 kila mtu na sheria yake, mfano Polynesia na Saint-Barthélemy. New Caledonia haimo kote kuwili, imepewa sura yake peke yake.

Pili fuata tarehe, usiishie kwenye jina la leo. Mayotte Ufaransa iliichukua 1841. Desemba 1974 visiwa vyote vinne vya Komoro vikapiga kura, uhuru ukashinda kwa kishindo ila Mayotte wengi wakakataa, Komoro wakajitangazia uhuru Julai 1975, Ufaransa nayo ikaamua kuhesabu kura kisiwa kwa kisiwa ikabaki na hicho kimoja, na serikali ya Komoro kule Moroni mpaka leo inasema ni chao na Baraza Kuu la UN limewaunga mkono mara nyingi tu. Baadaye kura ya 2009, asilimia 95 wakataka departimenti, ikawa ya 101 tarehe 31 Machi 2011, na 2014 ikaingia kwenye maeneo ya mbali ya Umoja wa Ulaya. Na usidhani ngazi ni ya kupanda tu, Saint-Pierre-et-Miquelon ilifanywa departimenti 1976, 1985 ikatolewa.

Tatu, na hapa ndo penyewe, angalia hadhi imegusa nini kwenye maisha. Mayotte makadhi walikuwa wanaamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, 2010 wakavuliwa kazi ya mahakama kabla hata departimenti haijaanza. Ila ile posho ya wasio na kipato ilipofika 2012 ilianza na robo ya inayolipwa Paris, ikaja kupanda mpaka nusu. Kwa maoni yangu huo ni mkoa nusu nusu, wajibu umewahi, haki zinakuja na daladala ya mwisho.

Nne, viza na hela usivichanganye. Reunion na Mayotte wanatumia euro lakini hakuna eneo la ng'ambo la Ufaransa lililomo Schengen, hata moja, kwa hiyo soma viza yako imeandikwa inakubalika wapi. Na upande wa pili pia kuna kigingi: mgeni mwenye kibali cha kuishi Mayotte kwa kawaida hawezi kukitumia kwenda Paris wala Reunion bila ruhusa nyingine. Mtu wa Nzwani, kisiwa cha Komoro, ndo kabisa, kwao ni kama kilomita 70 tu kutoka Mayotte, ndugu zake wako kule, lakini tangu 1995 anadaiwa viza, ndo maana watu wanapanda kwasakwasa (viboti vidogo) usiku na wengine hawafiki.

Ukifika New Caledonia, kule Pasifiki, angalia tarehe ya unachosoma. Walipiga kura za uhuru 2018, 2020 na 2021, zote hapana, ila ile ya tatu wapenda uhuru waliisusia, kwa hiyo ukiona asilimia 96 ya hapana usiichukulie kama ilivyo. Mei 2024 kukawaka moto kisa nani aruhusiwe kupiga kura, Julai 2025 wakasaini makubaliano ya hadhi mpya huko Bougival, Ufaransa, Agosti FLNKS (muungano wa wapenda uhuru) wakayakataa. Andiko lolote la kabla ya hapo linakupa historia tu, hadhi yenyewe kaitafute kwenye habari za karibuni.