Mgonjwa akibadilika baada ya sindano: adrenalini kwanza

Katika kliniki ndogo za Kayole, Nairobi, tunadunga antibiotiki za penisilini na seftriaksoni karibu kila siku, na wengi huenda zao salama. Haya ni ya yule mmoja ambaye mwili wake unaikataa dawa kwa aleji kali, na adrenalini ndiyo dawa ya kumfungua koo na kumwinua presha.

Hatua ya 1: Asubuhi, kabla ya foleni
Weka adrenalini (miligramu 1 kwa mililita 1) na mabomba ya sindano ya mililita 1 kwenye trei ya chumba cha sindano, si kabatini. Katika kliniki moja niliyofanya kazi, mama mmoja alibadilika baada ya sindano huku kabati limefungwa na ufunguo umeondoka na msimamizi. Mama yule alipona, lakini dakika za kuvunja kufuli sijazisahau. Bandika dozi ukutani kwa maandishi makubwa. Mtu akiwa na hofu hukanganya 0.15 na 1.5.

Hatua ya 2: Mtambue
Baada ya sindano, aketi unapomwona kwa dakika 15 hadi 30. Tunafundishwa kutafuta wekundu, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Muulize anawashwa wapi. Pitisha kiganja mgongoni uhisi vipele vilivyofura, kisha angalia midomo na kope. Sikiliza sauti inayokwaruza na kifua kinacholia kama filimbi. Wengine hutapika au kulegea tu, bila upele wowote: presha ikishuka au pumzi ikibana muda mfupi baada ya sindano, mhesabu kuwa ana aleji kali. Aliyezimia kwa kuogopa sindano mapigo yake huenda polepole, na akilazwa huzinduka upesi.

Hatua ya 3: Dunga
Msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Mtu mzima mililita 0.5; mtoto wa miaka 6 hadi 12 mililita 0.3; wa miezi 6 hadi miaka 6 mililita 0.15. Usiipitishe mshipani. Nawaomba sana wenzangu: msianze na haidrokotisoni (dawa ya steroidi) wala Piriton (dawa ya mwasho). Hazifungui koo wala haziinui presha kwa wakati.

Hatua ya 4: Mlaze
Chali, miguu juu. Asisimame hata kwenda msalani, maana moyo unaweza kusimama papo hapo. Anayehema kwa shida aketi, miguu imenyooshwa. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Mpe oksijeni na drip ya maji ya chumvi ukiwa nazo. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia adrenalini, dozi ileile.

Hatua ya 5: Msafirishe
Unapodunga, mwenzako awe anapiga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu. Hospitali ya Mama Lucy si mbali, ila jioni magari hayasogei, na bodaboda itamkalisha wima. Hata akisema amepona, aende: hali hiyo huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Andika kwenye barua ya rufaa saa ya kila dozi, na kwenye kitabu chake cha kliniki, ukurasa wa kwanza, jina la dawa iliyomdhuru.