Jinsi ya kutumia "success" na "succeed" bila kuchanganya mambo

Wengi success tumeijulia kwenye kadi, zile success cards za kuwatakia watahiniwa heri kabla ya mtihani wa taifa, kwa hiyo maana ya mafanikio kila mtu anayo kichwani. Kazi inaanza ukitaka kuitumia kwenye sentensi yako mwenyewe.

Anza na kitenzi, succeed, maana ndo chenye mtego. Kikimaanisha kufanikiwa, weka in halafu kitenzi chenye -ing: She succeeded in finding a job. Usiseme "succeeded to find", hiyo inatokana na "alifanikiwa kupata" yetu na Kiingereza hakiikubali. Kama to unaipenda sana basi tumia managed, She managed to find a job, na kwa mambo madogo madogo ya kila siku mi naona managed inakaa vizuri zaidi.

Sasa ukitoa in ukaweka jina la mtu palepale, maana inageuka kabisa. Samia Suluhu Hassan succeeded John Magufuli in 2021, yaani alishika kiti baada yake, hakuna habari ya nani kafanikiwa kuliko nani. Kenya vilevile, Ruto succeeded Kenyatta in 2022. Neno lilitoka kwenye Kilatini cha kufuata nyuma, ndo maana successor ni mrithi wa cheo na three successive years ni miaka mitatu mfululizo, hata kama yote mitatu ilikuwa ya hasara.

Ndo maana pia husemi "I succeeded my exam". Sema I passed my exam, basi.

Nomino success mara nyingi haitaki a: I wish you success in your exams. A inakuja ukizungumzia jambo moja lililofana, mfano The wedding was a success. Kuandika success, c mbili katikati na s mbili mwishoni, successful inaishia na l moja ila successfully ina mbili. Kutamka, mkazo uweke mwishoni, sak-SES, sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho kwa hiyo ulimi utakuvuta kwenye SAK, uzuie.

Kwa wanaotafuta kazi hapa someni taratibu. Successful applicants ni waliochaguliwa. Your application was unsuccessful maana yake hukuchaguliwa, sio kwamba barua ilipotea njiani, so usiitume tena ile ile. Na ukiona Your application has been successfully submitted usianze kuaga ulipo, hiyo ni mashine inakwambia fomu imepokelewa tu, kazi yenyewe bado haijaamuliwa.